Ulivyotusemea Kabla Hujajua Kucheka

Kisondela, Rungwe
Jumapili jioni, 6 Januari 1980

Mwanangu Atuganile,

Nilipokuwa shule ya wasichana, Mwalimu Tabita alitufundisha kwamba barua huanza na tarehe, hufuata salamu, ndipo huja jambo lenyewe. Tarehe nimeiweka. Salamu naziacha, kwa sababu tumeamkiana asubuhi, na kesho nitakupikia chai kabla hujapanda basi. Jambo lenyewe ni hili: unakwenda chuoni kujifunza uuguzi wa mama na mtoto, na mimi naahidi kukueleza yote kuhusu wiki zako za kwanza duniani, hata lile ambalo bibi yako angependa nilipitie kwa mbali.

Sasa hivi umekwenda kanisani kuagana na wenzako wa kwaya. Nimekaa mlangoni ili nitumie mwanga uliobaki. Nikimaliza nitaiweka barua hii chini kabisa ya sanduku lako, chini ya sweta, usiikute mpaka ufike.

Sitaandika habari za kufua sare wala za kuwahi kulala. Hayo unayajua, na usipoyafuata baridi itakukumbusha.

Nianze na shule. Katika somo la malezi Mwalimu Tabita alituletea mtoto wa kitambaa aliyejazwa pamba. Tulimwita Tumaini. Tulimwosha kwa zamu, tukamkausha kwenye makunjo ya shingo, tukamfunga nepi, tukamlaza ubavu. Mimi ndiye niliyepata alama za juu kuliko wote, na mwalimu akasema mbele ya darasa kwamba mtoto wangu atakuwa na bahati. Lakini Tumaini hakuwahi kulia. Ukimlaza, alilala mpaka kipindi kingine. Nadhani ndipo lilipoingia kichwani mwangu wazo kwamba mtoto anayelala sana ni mtoto mwema, na mama yake ni mama hodari.

Wewe ulikuja mwezi wa Mei, mvua zikiwa hazijakatika, miezi michache tu baada ya Uhuru. Baba yako alikuwa bado machimboni, Rhodesia ya Kaskazini. Ulikuja kabla ya mwezi wako. Bibi yako, mama mkwe wangu, ndiye aliyekupokea. Alikuinua karibu na moto, akakugeuza huku na huku, akacheka.

“Gwe! Huyu ametoka kabla ya kumaliza kuvaa!”

Ulikuwa mdogo kweli. Ngozi yako ilikuwa na mikunjo kama nguo iliyokamuliwa, na mabega yako yalikuwa na vinyweleo laini ambavyo mtoto wa kitambaa hakuwa navyo. Nilikuogopa, mwanangu. Nilikuogopa kuliko nilivyokupenda, na hilo nakuandikia kwa sababu utakutana na mama wa namna hiyo, atakutazama kama mwizi aliyekamatwa, na wewe utajua kwamba hana kosa. Mapenzi yake yako njiani.

Tulikaa ndani, mimi na wewe, tukisubiri kitovu kianguke, kama ilivyo desturi. Nyumba ya bibi yako haikuwa na dirisha. Kulikuwa na moto, moshi, na joto zuri. Wanawake waliingia mmoja mmoja kukutazama, nawe ulikuwa umelala. Waliporudi jioni ulikuwa bado umelala.

“Mtoto mtulivu!” walisema. “Huyu hatakusumbua.”

“Mtoto wa Uhuru,” alisema mmoja wao, “hana cha kulilia tena.”

Tukacheka wote. Mimi nilijivuna. Ulikuwa ukishika ziwa, unavuta mara mbili tatu, unasinzia, nami nakufunika. Bibi yako alichovya kidole kwenye maji ya uvuguvugu akakulambisha, akasema umeshiba. Ungelia hata kidogo, pengine tungejua. Lakini ulikuwa na adabu kama Tumaini.

Asubuhi moja kitovu kilianguka. Siku hiyo bibi yako na karibu wanawake wote wa kitongoji walikuwa wamekwenda msibani Mpuguso, na unajua msiba wetu, mtu hasemi atarudi lini. Nikasema, basi, mtoto wangu aone jua. Nikakufungua nguo, nikakutoa mlangoni.

Kwanza nilidhani ni zile ndizi. Kulikuwa na mkungu ulioiva umening'inizwa karibu na mlango, nikafikiri rangi yake imekurukia usoni. Nikasogea mbali nao. Uso ulikuwa bado wa manjano. Nikakufumbua jicho kwa kidole, na pale panapotakiwa kuwa peupe palikuwa pa manjano. Nikakufinya unyayo. Ulifungua kinywa upana wote, kama mtu anayetaka kupiga kelele kubwa, lakini haikutoka sauti.

Hapo ndipo niliposikia kichwani maneno ya Mwalimu Tabita, maneno niliyoyaandika kwa mwandiko mzuri na kuwekewa alama ya vema bila kuyaelewa: mtoto mchanga asiyenyonya hasubiri mtu. Nikakuweka kifuani ndani ya gauni, ngozi yako kwenye ngozi yangu, nikajifunga kitenge juu, nikashika njia ya kwenda zahanati Tukuyu. Mvua ilikuwa inaanza.

Sasa, huko chuoni utakaa na wasichana wa mikoa mingine, na wengine watakucheka ukiwasimulia jambo linalofuata. Waeleze hivi. Kwetu Wanyakyusa, mwanamke aliyeolewa hakutani na baba mkwe wake. Tunaita ukutila. Hamtazami usoni, hakai naye mahali pamoja, hamtaji jina. Akimwona njiani, anaacha njia. Na yeye mzee hufanya vivyo hivyo kwa upande wake. Hakuna chuki ndani yake. Ni heshima, na mimi nililelewa nayo kama nilivyolelewa kunawa mikono. Hadi siku hiyo, babu yako nilikuwa namjua kwa kikohozi chake na kwa mgongo wake tu.

Nilipokaribia kile kijito cha chini, pale lilipokuwa gogo la kuvukia kabla hatujajenga daraja la kijiji, nikamwona. Alikuwa amesimama kwenye njia karibu na gogo, ana panga mkononi, anakata mianzi. Nikafanya nilichofundishwa tangu utotoni. Nikaingia migombani, nikachuchumaa nyuma ya shina, nikageuza uso, nikasubiri apite.

Hakupita. Nikasubiri. Nilikusikia ukipumua kifuani mwangu, pumzi fupi fupi. Nikachungulia kupitia majani: njia ilikuwa tupu. Nikainuka, na mara nikaona koti lake ng'ambo ya njia. Naye alikuwa migombani! Alikuwa ameona kitenge changu, akaingia kwenye shamba la upande wa pili, amechuchumaa amenipa mgongo, anasubiri mimi nipite. Lakini alichuchumaa jirani kabisa na gogo, na nisingeweza kuvuka bila kumpita kwa urefu wa mkono. Nikachuchumaa tena. Yeye akasikia majani, akajua sijapita, akazidi kujikunyata.

Mwanangu, tulikaa hivyo. Mvua inatunyeshea wote wawili, kila mmoja anampa mwenzake heshima yake yote, na wewe kati yetu unakwisha. Mpaka leo nikipita pale nacheka, lakini siku ile sikucheka.

Kumwita sikuthubutu. Si kwamba nilikataa. Ulimi wenyewe haukunyanyuka. Nikakutazama ndani ya gauni, nikaona mdomo wako umekauka, na sijui nani aliyenipa akili ile. Nikasema nawe. Nikasema kwa sauti kubwa, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde:

“Mwanangu! Mwambie babu yako kwamba wewe ni mgonjwa!”

Matone tu juu ya majani. Kisha kikohozi. Kisha sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikisema jambo linalonihusu:

“Mjukuu wangu. Muulize mama yako unaumwa nini.”

“Mwanangu, mwambie babu macho yako yamekuwa ya manjano, na hunyonyi, na hulii.”

“Mjukuu wangu, bibi yako aliniambia wewe ni mtulivu.”

“Mwambie babu tulikosea sote.”

Nikasikia panga likipiga mwanzi, mara moja, mara ya pili.

“Mjukuu wangu, mwambie mama yako hilo gogo linateleza, hataliweza peke yake na wewe kifuani. Mwambie mimi naingia njiani, natangulia, sigeuki nyuma. Mwanzi huu nashika ncha ya mbele. Yeye ashike ncha ya nyuma. Nikisimama, asimame. Nikienda, aje.”

“Mwanangu, mwambie babu: ndaga fijo.”

“Mjukuu wangu, mwambie mama yako shukrani aziweke, tutazihesabu tukishavuka.”

Akatoka migombani kinyumenyume, mwanangu, kinyumenyume kabisa, mwanzi mrefu ukitokeza nyuma yake chini ya kwapa, mpaka ncha yake ikafika mikononi mwangu. Akaliendea gogo. Nikamfuata. Maji ya kijito yalikuwa mekundu na yenye kelele. Katikati ya gogo mguu wangu uliteleza, mwanzi ukavutika, na yeye akasimama imara kama nguzo, hakugeuza hata sikio. Akaita tu, “Mjukuu wangu, upo?” Nikajibu, “Yupo!” Nilisahau kupitia kwako. Hilo nalo hakulisema popote mpaka leo.

Tulipovuka nilidhani ataniachia mwanzi arudi. Hakuachia. Njia ilikuwa matope mpaka barabarani, na barabarani napo alikuwa bado ameshika. Tukapanda vile vilima vyote hivyo hivyo, yeye mbele, mimi nyuma, mwanzi katikati. Karibu na Bulyaga tukakutana na Saidi, muuza vitambaa, anasukuma baiskeli yake yenye mzigo.

“Salaam, mzee! Mbona unavuta mwanzi, ng'ombe mwenyewe yuko wapi?”

“Sivuti ng'ombe,” alisema babu yako bila kusimama. “Navuta mjukuu.”

Saidi akanitazama, akaona kifua changu kilivyovimba na mvua inavyonitiririka, akaacha mzaha. Akafungua mzigo, akatoa kipande cha blanketi, akaja kunifunika mabegani kwa mikono yake mwenyewe. Akamwambia babu yako, “Mzee, nenda. Mengine tutacheka siku nyingine.” Na kweli, alitucheka kwa miaka mingi.

Zahanati tulimkuta nesi, mama mmoja wa Kingoni kutoka Songea, mnene, mwenye sauti ya kamanda. Alikubonyeza ncha ya pua kwa kidole, akakiondoa, akatazama rangi iliyobaki pale. Ukifundishwa hivyo darasani, kumbuka kwamba pua ya mfano ilikuwa yako. Akaniuliza mara ya mwisho ulikojoa lini. Sikujua. Akakuvua nguo zote, akakupapasa nyayo, akakupangusa mgongo kwa kitambaa chenye maji, na wewe ukakunja uso kwa hasira. “Vizuri,” akasema, “hasira anayo.” Kisha akanifundisha kukamua maziwa kwenye kikombe kilichochemshwa, nikunyweshe kwa kijiko, tone baada ya tone, nikusubiri umeze, nikupe tena. Ukilala, nikuamshe.

“Nimwamshe mtoto aliyelala?” niliuliza. Kwetu ilikuwa kama kumtukana.

“Mwamshe. Huyo halali, huyo amechoka. Hana nguvu ya kukuomba chakula.”

Maneno hayo nimeyabeba tangu siku ile. Nimeyaona hata kwa watu wazima.

Babu yako alikaa nje chini ya dirisha, mgongo ukutani. Nesi akamwona, akatoa kichwa.

“Wewe mzee, ingia ndani! Huyu si mkwe wako? Mwambie maneno ya kumpa moyo.”

“Nitamwambia mjukuu wangu, yeye atamwambia.”

“Mjukuu wako hana hata meno!”

“Hilo halijamzuia,” alisema babu yako. “Tumezungumza tangu asubuhi.”

Nesi akacheka mpaka akashika meza. Lakini alielewa, maana baadaye nilimsikia akiegemea dirishani na kusema kwa upole, “Mjukuu anasema amekunywa kijiko cha tano, babu.” Na sauti kutoka chini: “Mwambie aongeze.”

Uliongeza. Siku za kwanza nilihesabu ushindi wangu kwa nepi zilizolowa, na sijawahi kufurahia kufua kama nilivyofurahia pale. Kisha ulinivuta ziwa kwa nguvu mpaka nikaumia, nikapiga kelele ya furaha, mama wa kitanda cha pili akadhani nimeng'atwa na nyoka. Weupe wa macho ulirudi polepole, kuanzia pembeni. Na asubuhi moja ulilia. Ulilia kwa sauti ya kukoroma, mbaya, ya kuchukiza, wodi nzima ikaamka. Chini ya dirisha mtu alipiga makofi.

Tuliporudi Kisondela, bibi yako alikuwa amesharudi kutoka msibani, ametukosa, amelia, amekasirika, na sasa anatusubiri njiani na wenzake. Walisikia kilio chako kabla ya kutuona. Vigelegele vilianza kwenye mgomba wa kwanza vikaishia mlangoni kwetu. Yule aliyesema mtoto wa Uhuru hana cha kulilia alikupokea mikononi, akakusikiliza, akasema, “Kumbe anacho! Basi alilie nchi nzima.” Na bibi yako, ambaye hakuwahi kukubali kosa mbele yangu kabla wala baada ya hapo, alichukua shoka akatoboa dirisha kwenye ukuta wa nyumba yake. Dirisha lile unalolifahamu, lililopinda. Hilo ndilo angependa nilipitie kwa mbali.

Kuanzia hapo nilikulea kwa mwanga. Kila asubuhi nilikuleta dirishani nikutazame rangi. Nikajua mambo ambayo mtoto wa pamba hakunifundisha: kwamba utosi wako unadunda ukilia na kutulia ukinyonya, kwamba ukishtuka mikono yako inaruka kama mtu anayeanguka, kwamba unajua harufu yangu na kunigeukia kabla macho yako hayajajua kunitafuta. Kisha macho nayo yakaanza. Uliufuata mwanga wa mlango, ukaufuata uso wangu, ukakaza macho kwenye mstari wa nywele zangu kana kwamba pameandikwa kitu. Mashavu yalijaa. Vile vinyweleo vikapukutika. Siku nilipokufunga nepi ikawa haitoshi, nilikaa chini nikaimba.

Na babu yako? Hakuweza kuingia nyumba niliyomo mimi. Kwa hiyo nilitandika mkeka uani, nikakulaza, nikaingia ndani, nikafunga mlango. Yeye akatoka migombani, akakaa na wewe. Nilisikia akikupa habari zote za ng'ombe. Siku moja alikuwa katikati ya habari ya ndama fulani, akanyamaza ghafla. Nikaogopa. Nikabana sikio mlangoni. Na yeye akapiga kelele kama kijana:

“Mjukuu wangu! Mwambie mama yako umecheka! Mwambie umenicheka mimi! Mwambie haraka!”

Cheko lako la kwanza sikuliona, Atuganile. Nililisikia kupitia mlango, kwa mdomo wa mzee niliyekatazwa kumtazama. Kwa miaka nilidhani nimepoteza kitu. Sasa naona sikupoteza. Ulikuwa umefanya kazi yako ya pili: ya kwanza ulinipeleka mimi kwake, na hii ya pili ulimleta yeye kwangu.

Yaliyofuata unayakumbuka mwenyewe. Ulipoanza kusema, maneno yetu yalipita kwako kweli kweli, nawe uliyageuza ulipotaka sukari. Na mwaka jana, kwenye mkutano wa kijiji wa kuchagua msichana wa kupelekwa chuoni, mwenyekiti aliponiuliza kama mzazi nakubali, nilisimama na babu yako amekaa mstari wa mbele. Nikageukia kwako nikasema, “Mwanangu, mwambie babu yako kwamba mimi nakubali, na kama yeye anakubali aseme.” Mwenyekiti akalalamika, “Mama, sema na kiti!” Watu wakacheka. Ndipo babu akainuka, mgongo kwangu kama kawaida, akasema, “Mjukuu wangu, mwambie mama yako kwamba mimi nilikubali siku ile kwenye gogo.” Mkutano haukuelewa. Makofi walipiga hata hivyo.

Utaingia nyumba nyingi, mwanangu, nyingine hazina dirisha. Utakuta watu wanaompenda mtoto mmoja, wamechuchumaa pande mbili za njia, kila mmoja anamngoja mwenzake apite. Usiwacheke kabla hujatafuta mwanzi. Na mtoto ukiambiwa ni mtulivu, mtoe kwenye mwanga umtazame.

Mwanga wangu umebaki kidogo, kwa hiyo naandika la mwisho. Leo mchana, ulipokuwa unafunga sanduku kwa bibi yako, nilisikia kikohozi nyuma ya nyumba. Kisha ile sauti: “Mjukuu wangu.” Wewe hukuwepo. Nilijua, naye alijua. Akasubiri, akasema tena, taratibu: “Mjukuu wangu, ukiondoka, nani atanipelekea maneno?” Sikuwa na wa kumpitishia jibu. Nikaangalia huku na huku, nikauambia ukuta, “Mwanangu, mwambie babu barua zitakuja. Akae nje chini ya dirisha, mimi nitakaa ndani nisome kwa sauti.” Akacheka, Atuganile. Akasema, “Mwambie mama yako asome polepole, sikio moja limekwisha.”

Halafu akauliza swali, nami nakupa wewe ulijibu. Usimtaje jina lake ndani ya barua, maana ndimi nitakayesoma na siwezi kulitamka; andika Babu tu. Lakini tuambie mapema, umwagize kwa mdomo dereva wa basi linalorudi Tukuyu, tusigombane ukutani: barua yako ya kwanza utamwandikia nani, mimi nimpe salamu zake, au yeye anipe zangu?

Mama yako